Vipezi vya Mwalimu

"Upepo mkali hauna akili, hata mjinga atautumia. Nipe huu wa Kitale, huu mvivu unaoamka saa nane mchana, ndipo utanijua mimi ni nani."

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema Mwalimu akiingia dukani kwangu, hata kabla ya salamu. Alisimama mlangoni, akalowesha kidole kwa ulimi, akakiinua juu, akangoja, halafu akasonya. Baada ya hapo ndipo alipokumbuka kwamba ndani kuna binadamu. "Hujambo, Misumari?" Mimi nina jina langu, zuri tu, na jamaa wote wa msikiti ulio nyuma ya duka wanalijua. Lakini yeye aliamua kwamba muuza vifaa vya ujenzi jina lake ni Misumari, na alichoamua Mwalimu kilikuwa kimeshaamuliwa.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulizeni watu wa Bungoma, ambako alifundisha fizikia mpaka akastaafu. Mimi namwanzia pale mlangoni, kidole kikiwa juu.

Alikuwa mteja msumbufu kuliko wote niliowahi kuwahudumia. Hakununua gundi bila kuifungua na kuinusa, na akishainusa alitaka kuijaribu. Alibandika kipande cha bati juu ya kaunta yangu, akaenda zake sokoni, akirudi akakivuta. Kikibanduka, gundi ni mbovu. Kisipobanduka, gundi ni nzuri na kaunta ndiyo imeharibika. Mpaka leo vipande hivyo vimesimama wima hapo, wateja wanajikwaruza mikono na kuniuliza ni vya nini, nami sijawahi kuvitoa. Na alipoondoka hakusema kwaheri kama watu wengine. Alisema, "Usiende popote bila gundi, Misumari."

Gundi yote hiyo ilikuwa ya vinu vya upepo. Alivitengeneza mwenyewe, mapanga matatu ya mbao yaliyochongwa na kupigwa msasa, mkia wa bati, dainamo katikati. Wengine wakistaafu hununua ng'ombe. Yeye alinunua mbao, na watu walisema wamesikitika.

Kitu kimoja kilimkera kuliko vyote, nacho ni mtu mwenye majibu. Ukimwambia "najua", alikukata hapo hapo: "Sikukuuliza unajua nini. Umeona nini?" Siku moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha nami nikajitia ufundi, nikamwambia panga la kinu lazima liwe laini kabisa, maana laini huteleza na chenye kuteleza huenda kasi. Mwalimu alinishika mkono wa shati, akanitoa nje, akachutama kwenye mtaro mbele ya watu wote wa barabara ile, akatumbukiza kiganja majini. Kwanza alikilaza. Maji yalipita juu yake yakiwa yameshikamana na ngozi, yametulia. Kisha akakiinua kidogo kidogo mpaka ghafla maji yakabanduka, yakaanza kujizungusha nyuma ya mkono kwa fujo.

"Umeona nini?"

"Nimeona bibi mzima anacheza kwenye mtaro, Mwalimu, na wateja wangu wanatuangalia."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza, na nakiri siku ile nilisisimka, mimi ambaye shuleni fizikia ilinipita kama gari la mwendo wa kasi. Upepo ukipita kwenye mgongo wa panga, ule wa chini kabisa, unaogusa ngozi, huchoka kwa kusuguana. Ukichoka husimama. Ukisimama hubanduka, na panga linakosa kitu cha kulivuta. Hapo kinu hulala. Na kwa upepo mvivu kama wetu, kubanduka huko huja mapema, kinu kikiwa bado kinajaribu kuamka.

"Lakini juu yake kidogo tu kuna upepo mbichi ambao haujachoka," akasema, bado amechutama. "Sasa ukiupata huo ukauchanganya na ule uliochoka? Uji usipokorogwa hushika chini. Utalaumu sufuria?"

Mwiko wake wa kukorogea aliuita vipezi. Vipande vya bati vidogo kama ukucha, vilivyosimamishwa mgongoni mwa panga karibu na ukingo wa mbele, viwili viwili vikiwa vimeachana kidogo kama miguu ya mtu aliyesimama vizuri. Upepo ukivigonga hujisokota, na ule msokoto huchota upepo mbichi juu na kuushusha chini. Havina mota. Havina waya, swichi wala betri. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko yote, na hakukosa la kuongezea. "Kipezi hakifanyi kazi yoyote, Misumari. Kimekaa tu, kama nyinyi wanaume mnaokaa hapo nje ya duka. Ila kukaa kwake kuna faida."

Sasa nikueleze maajabu yake. Mtu huyu aliyependa upepo namna hiyo aliuogopa kama ukoma! Alikuwa na kifua kibovu. Ofisini kwangu alifunga dirisha kabla ya kuketi, akajifunga leso shingoni, juu yake sweta, akaomba chai ya tangawizi. Ndani ya gari langu hakuna kioo kilichoruhusiwa kushuka hata jua likiwaka namna gani. Nilimuuliza huo upenzi ni wa aina gani. Akasema hata muuza pilipili haitii machoni.

Na hasira zake nazo hazikuwa na mpango. Mtu akimwaga chai, akichelewa kidogo, akikosea kushika koleo, Mwalimu alifoka mpaka paka akatoka dukani. Lakini yakifika makubwa alitulia tuli. Kinu chake cha Moi's Bridge kilikuwa kinanguruma usiku na mchana, na majirani wakamshitaki kwa mzee wa mtaa, wakasema watoto hawalali na kuku wameacha kutaga. Wakakishusha. Niliposikia nilikwenda mbio nikitarajia kukuta vita. Nilimkuta ameketi juu ya mnara ulioangushwa, anakula mahindi ya kuchoma pamoja na watu wale wale waliomshitaki, anawahoji. Mngurumo ulianza saa ngapi? Ulipanda upepo ukizidi au ukipungua? Kuku waliacha wote au baadhi?

Kutoka hapo ndipo alipomgeukia bundi. Ijumaa moja, watu wametoka kuswali na duka limejaa, aliingia akaufungua mkoba, akaweka unyoya wa bundi katikati ya kaunta. Mteja aliyekuja kununua kufuli aliliacha kufuli. Mwingine akasoma dua kwa sauti.

"Mwalimu!" nikamwambia. "Bundi ni uchuro! Unataka kunifungia duka?"

"Uchuro ni makelele," akajibu. "Huyu anampitia panya juu ya kichwa na panya hana habari. Angalia ukingo wa unyoya. Umeona nini?"

Niliangalia kwa jicho moja. Ukingo wa nyuma haukunyooka, ulikuwa na nyuzinyuzi kama pindo la shali. Yeye alitaka plastiki ngumu nyembamba ya kukata meno kama ya msumeno, ayabandike kwenye ukingo wa nyuma wa mapanga, upepo utoke umekatwakatwa badala ya kutoka kwa mkupuo mmoja unaopiga kelele. Nilimuuzia upesi ili aondoke na ndege wake.

Kinu alichokibandika meno hayo kilikuwa kile cha mlimani kupita Kachibora, na hicho ndicho nilichotaka kukufikishia tangu mwanzo. Kuna shule ya msingi juu pale, na chemchemi iko chini bondeni. Maji yalipanda mlima vichwani mwa akina mama na mwa wanafunzi wenyewe, asubuhi kabla ya masomo. Mwalimu aliwaahidi kwamba kinu kitasukuma pampu na pampu itajaza tangi. Wakamwamini, wakajenga mnara, wakachimba mtaro wa bomba.

Kinu kikawa kinaamka, kinazunguka polepole mara mbili tatu, kinalala tena. Hakikufikia kasi ya kuiwasha pampu.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, mkulima aliyetoka Bungoma na kulima huko siku nyingi, alimfuata Mwalimu hadi dukani kwangu. Alivua kofia. "Mwarimu, sisi tunakupenda sana, Mungu anajua. Rakini watoto hawawezi kunywa mapenzi, bana. Wageni wanakuja kuona hii maji. Kama siku hiyo hii kitu haijazi tangi, tunashusha mnara, tunaomba watusaidie na injini ya dizeli. Si unaelewa?"

"Naelewa," Mwalimu akasema, na hakufoka. Hapo nikajua mambo ni mazito.

Mwenyekiti alipoondoka, Mwalimu alikaa na chai yake mpaka ikapoa. "Hiki kikishushwa, Misumari, sitapandisha kingine," akaniambia. "Magoti yamekataa. Na macho nayo yameanza kunichezea. Nikishindwa hapa, watu watasema upepo wa huku haufai, na hakuna atakayeujaribu tena." Sijawahi kumsikia akizungumza hivyo. Niliumia, nikampa gundi bure, jambo ambalo watu wa Kitale wanaonijua hawataliamini.

Alihamia mlimani. Mnara ule ulikuwa wa kulazwa kwa kamba, kwa hiyo hakuhitaji kupanda, na heri, maana aliogopa hata ngazi ya kufikia rafu. Akabandika vipezi mgongoni mwa mapanga yote, kimoja kimoja, akipima nafasi kwa upana wa kiberiti. Jioni moja akanipigia simu anapiga kelele hata sikuelewa neno. Kinu kilikuwa kimeamka na hakikulala! Pampu imewaka, tangi limeanza kupata maji. Akarudi Bungoma kupumzika, akingoja siku ya wageni.

Siku hiyo nilimpeleka mwenyewe kwa pikapu yangu, vioo vimefungwa, najipepea kwa gazeti. Tulipokaribia shule niliona kazi imefanyika. Mawe ya njiani yamepakwa chokaa. Ua wa shule umekatwa ukanyooka. Nyasi zimefyekwa, hata vigogo vya miti vimevalishwa chokaa mpaka kiunoni, kama unavyojua watu wetu wakisikia neno mgeni. Na juu ya mnara, mapanga ya kinu yalikuwa meupe, yanang'aa, laini kama sahani.

Mwalimu aliukaza uso kuelekea juu. "Misumari, mimi sioni vizuri. Vipezi viko wapi?"

Kinu kilizunguka polepole mara mbili, tatu, kikalala.

Mwenyekiti alikuja akiwa na suti na tabasamu hadi masikioni. "Mwarimu, karibu! Umeona vire tumekusafishia? Turishusha mnara, tukakwangua ire takataka yote ya bati ilikuwa imeganda kwa mapanga, ilikuwa kama nyumba ya nyigu, ati. Tukapiga msasa, tukapaka rangi ilibaki ya kanisa. Haiwezekani wageni wakute kinu yako na viraka! Rakini hii ya meno tumeacha, hii ni ulembo."

Rangi yenyewe, nakuapia, haikutoka dukani kwangu. Yangu haichuruziki hivyo.

Wageni walikuwa wamekwisha kuketi chini ya hema, tangi tupu liko mbele yao, na akina mama wa kamati walikuwa wameanza kutazamana. Nilikunja uso nikingoja Mwalimu alipuke. Mtu aliyefoka kwa sababu ya chai! Yeye akamshika Mwenyekiti begani. "Mmenitunzia heshima," akamwambia. "Asanteni. Sasa leteni mikasi yote iliyo hapa mlimani. Na mikebe ya mafuta. Misumari, gundi?"

Gundi ilikuwa ndani ya gari. Mimi ni mtu ninayesikia nikiambiwa.

Nikwambie, sijawahi kuona siku kama ile! Mnara ukalazwa. Mwalimu akasimama juu ya kreti ya soda, akawaambia akina mama habari ya uji kushika chini ya sufuria, na walielewa kuliko nilivyoelewa mimi, mmoja akapaza sauti, "Kumbe ni mwiko!" Mshona sare wa shule akakata mfano wa kipezi kwa karatasi, akaugawa. Mikebe ikapasuliwa. Mgeni wa heshima alivumilia kukaa kidogo, halafu akavua koti, akaomba mkasi, na mkasi wake ulikuwa butu, akalalamika kama sisi sote. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa, kwa hiyo kila mahali pa kipezi tulipakwangua kwanza ndipo nikaweka tone la ile gundi inayoshika papo hapo. Vidole vyangu viwili vilishikana mpaka jioni.

"Mgongoni!" Mwalimu alikuwa akifoka, leso imefunguka shingoni naye hana habari. "Mgongoni, si tumboni! Karibu na ukingo wa mbele! Nani ameweka hiki kichwa chini? Wewe? Una miaka mingapi?" Aliyeulizwa alikuwa mgeni wa heshima.

Hapo nilifurahi. Mwalimu akifoka, mambo si makubwa tena.

Mnara ukasimamishwa. Upepo hakuna. Watu wote wamesimama, Mwenyekiti ameshika kofia kifuani kama yuko mazikoni. Wakati tunakata mikebe ndipo alipoelewa walichokwangua. Mwalimu alilowesha kidole, akakiinua. Akangoja. Akasonya. Akangoja tena.

Kisha majani ya mahindi upande wa chini yakaanza kusema. Kinu kikageuza uso. Kikazunguka polepole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na watu wakaanza kushusha pumzi wakijua kinakwenda kulala. Hakikulala! Kilishika! Kikaongeza, kikaongeza tena, mpaka mapanga yakawa duara moja jeupe, na pampu bondeni ikawaka. Bomba lilikohoa, likatema matope, likakohoa tena, na maji yakaingia tangini. Vigelegele vilipigwa hadi ng'ombe wakakimbia. Mwenyekiti alitupa kofia juu na hakuiokota. Mimi nililia hadharani, na sioni haya kusema. Mnara haukushushwa siku ile, na haujashushwa.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa juzijuzi, Bungoma, nyumbani kwa binti yake. Alikuwa kwenye kiti, sweta juu ya sweta, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa. Macho yamemwachia ukungu tu. Nilisalimia, akanitambua kwa sauti.

"Misumari. Umekuja na gundi?"

"Ninayo mfukoni, Mwalimu."

"Vizuri. Kinu?"

Asubuhi ile nilikuwa nimepitia Kachibora makusudi, nikasimama chini kabisa ya mnara na kurekodi kwa simu. Nikaiweka simu karibu na sikio lake. Watoto walikuwa wakipiga kelele za mapumziko. Halafu wakaingia darasani, yakabaki maji yanayomwagika ndani ya tangi. Nilimwona uso ukimshuka.

"Kimesimama," akasema kwa unyonge. "Mbona hukuniambia? Maji hayo ni yaliyobaki kwenye bomba. Kinu sikisikii."

"Hakijasimama, Mwalimu. Nilikuwa chini yake, kofia ilitaka kunitoka. Kinazunguka mpaka mapanga hayaonekani."

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Aliinama, sikio limegusa simu. Nikarudia tena. Akaniuliza, polepole, kama nilivyozoea kuulizwa mtaroni, ila safari hii neno moja lilikuwa limebadilika. "Umesikia nini?"

"Maji, Mwalimu. Maji tu."

"Maji tu," akasema. Kisha akapiga mkono kwenye meza, vikombe vikaruka. "Maji tu! Wewe Misumari, maji tu! Bundi yule na meno yake!" Alicheka na kukohoa na kucheka, mpaka binti yake akaja mbio kutoka jikoni akidhani kuna jambo.

"Fungua dirisha," Mwalimu akamwambia.

"Mama, kifua chako. Daktari alisema..."

"Nimesema fungua."

Binti akanitazama. Nilisimama nikalifungua mwenyewe. Pazia lilijaa upepo, likatua, likajaa tena. Mwalimu aliifungua leso shingoni, akalowesha kidole kwa ulimi, akakiinua juu, na safari hii hakusonya.

"Saa nane hii?" akauliza.

Nilitazama saa. Ilikuwa saa nane.

"Ameamka mvivu wangu," akasema, na akaniomba niiweke tena ile sauti, nami nisiongee.